Mikia Iliyochomoza Matopeni

"Huyo mtoto alifanya nini?"

Mama aliuliza hivyo usiku mmoja wa katikati ya Julai, sebuleni kwangu Nkuhungu, akiwa na ungo wa karanga mapajani na kanga mbili mabegani, kwa maana baridi ya Dodoma ya mwezi huo haimhurumii mtu mzima. Kwenye televisheni, mabwana wa Westeros, nchi ya kubuni ya tamthilia ya Game of Thrones, walikuwa wameketi katika uwanja wa magofu, na mmoja baada ya mwingine walikuwa wamekubali kwamba Bran Stark awe mfalme wao. Nilikuwa nimemtafsiria Mama kila neno, au ndivyo nilivyodhani.

"Alifanya nini hata wampe?" akarudia, na ganda la karanga likapasuka kati ya vidole vyake.

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Binti wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyetuletea flashi yenye misimu yote minane ya Game of Thrones, alinitazama kama mtu aliyelisubiri swali hilo tangu 2019. Nikamwambia Mama kwamba kijana huyo anajua yote yaliyopita, kwamba ndiye kumbukumbu ya watu wote. Mama alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na hataki kugombana na muuza duka.

"Kujua si kufanya, mwanangu," alisema, akarudi kwenye karanga zake.

Wiki saba zimepita. Swali hilo limesimama nami kituoni Sabasaba nikisubiri daladala, limeingia nami darasani, na limenilazimisha kuitazama upya sehemu ile ya mwisho mara tatu, kila mara nikiwa na daftari.

Macho ya Mama, kinywa changu

Mama alikuja mjini kutoka Mvumi mwishoni mwa Mei kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa pande zote mbili, na kati ya kliniki moja na nyingine zilikuwepo jioni nyingi za kukaa. Binti wa kaka yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyependekeza tuitazame tamthilia hiyo sote watatu. Mimi niliona haiwezekani: sehemu 73, lugha ya Kiingereza, na mwanamke aliyevuka miaka sabini ambaye kwenye skrini haoni ila rangi zinazotembea. Tena ziko sehemu ambazo mtoto hawezi kuzitazama akiwa ameketi na mama yake, na hizo nilizipitisha haraka kwa rimoti bila kutoa maelezo.

Lakini Mama hakuja kutazama. Alikuja kusikiliza, na kazi niliyoifanya mimi ilikuwa kazi ya fanani. Nimefundisha fasihi simulizi sekondari kwa miaka kumi na minne, na nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba hadithi ya mdomo haikamiliki mpaka awepo anayesimulia na awepo anayeitikia, ila sikuwahi mimi mwenyewe kukalia kigoda cha fanani mbele ya hadhira inayouliza maswali. Kila jioni Mama alifuata utaratibu uleule. Nikiwasha televisheni, alisubiri. Nikikaa kimya, aliniambia, "Sema." Nikasema "Paukwa," naye akaitikia "Pakawa," kiitikio alichokipata shuleni, kwa kuwa kwao hadithi zilisimuliwa kwa Kigogo, na hapo ndipo alipoanza kumenya.

Vitabu vyetu vya shule hueleza kwamba mianzo maalumu huvuta usikivu. Jioni hizo nilielewa jambo ambalo sikuwa nimelifundisha. "Pakawa" ya Mama ilikuwa mkopo: alinikopesha usikivu wake wote, siku baada ya siku, akitarajia kwamba mwishoni nitamlipa.

Stelingi hafi

Mtu wa rika langu aliyekulia Dodoma alijifunza kanuni za filamu kwenye kibanda cha video kabla ya kuzisoma popote. Kibanda chetu kilikuwa Chang'ombe, cha mabati na turubai, chenye mabenchi ya mbao, kanda za Kihindi na za kareti, na mara nyingine sauti ya mtafsiri iliyorekodiwa juu ya sauti za waigizaji. Kanuni kuu kila mtoto aliijua: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafiwa na mama na mchumba, lakini yeye hafi, na ndiyo maana tuliweza kuyavumilia mateso yake.

Ned Stark, baba yake Bran, alipokatwa kichwa katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, mwaka 2011, watazamaji wengi duniani walihisi kwamba kanuni hiyo imekatwa pamoja naye. Mama aliacha kumenya. "Si ndiye mwenye hadithi?" aliuliza. Nikamjibu kwamba ndiye. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba yule bwana alimweleza malkia kila alichokigundua kabla hajajiandaa kumkamata, na mtu anayemwamsha chui ili amuage kwanza hafiki mbali.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Mama hakulalamika kwamba msimulizi amemwonea mtu mwema, kwa sababu alikiona kifo cha Ned kikitoka kwenye tendo la Ned. Mimi nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba tamthilia hii ilipata nguvu kwa kuvunja kanuni, kumbe iliyovunjwa ni ya juu tu, ile ya kibandani, na ya chini yake haikuguswa: anayekufa ana alichokifanya kilichomfikisha pale. Robb Stark, mwana wa Ned, aliahidi kumwoa binti wa Walder Frey, akaoa mwingine, akauawa harusini katika msimu wa tatu. "Alikula kiapo akakitapika," Mama alisema. Alihuzunika kweli, lakini hakushangaa.

Hata stelingi wa kibandani alirudi. Mwishoni mwa msimu wa tano, mwaka 2015, Jon Snow alichomwa visu na askari wake mwenyewe akaachwa kwenye theluji, na dunia ikasubiri karibu mwaka mzima kujua kama amekufa kweli. Katika sehemu ya pili ya msimu wa sita akafufuliwa. Mama, ambaye alisubiri siku moja tu, alitabasamu: "Basi huyu ndiye."

Sherehe, na asubuhi yake

Waandaaji wa tamthilia hii, David Benioff na D. B. Weiss, walikuwa na mtindo ambao ukishautambua huwezi kuacha kuuona. Kila msimu wa mwanzo ulikuwa na sehemu 10, na tukio zito lilipenda kuwekwa katika ya tisa: kifo cha Ned, vita vya Blackwater, harusi ya damu, mashambulizi ya Ukutani, na baadaye vita vya Jon na Ramsay. Sehemu ya 10 ilikuwa asubuhi ya baada ya sherehe, wakati wa kuokota vyombo, kuhesabu waliobaki, na kufungua dirisha moja la kesho. Msimu wa kwanza ulifungua dirisha hilo kwa majoka matatu machanga yaliyotoka majivuni yakiwa yamemng'ang'ania Daenerys, binti mfalme aliyekuwa uhamishoni, ambaye tangu hapo akaitwa mama wa majoka. Ninauheshimu sana mtindo huo. Unajua kwamba msikilizaji aliyetishika hawezi kuelewa siku hiyohiyo kilichompata, anahitaji kulala na kuamka.

Msimu wa nane ulikuwa na sehemu 6 tu. Jiji kuu likaunguzwa na Daenerys katika ya tano, kwa hiyo ya sita, iliyorushwa Marekani tarehe 19 Mei 2019 kwa muda wa dakika kama 80, ikabeba asubuhi ya miaka minane yote. Karibu na nusu yake Jon anamuua Daenerys. Joka lake linakuja, linamnusa, linageukia kile kiti cha enzi cha mapanga na kukiyeyusha, halafu linambeba marehemu kwa kucha na kuruka naye.

Hapo mimi nilikuwa kimya. Sikuwa na cha kutafsiri, kwa kuwa joka halisemi. Mama aliona moto ule mwekundu kwa macho yake yenye ukungu, akasikia lile koo likilia, akasema polepole, "Amekichoma kilichomuua mama yake." Kisha akajifuta shavu kwa upindo wa kanga.

Baada ya hapo hadithi inaruka wiki kadhaa mbele, tunaingia barazani, na swali la Mama linazaliwa.

Tembo, na ng'ombe wa Wahehe

Kila mtoto wa mji huu amesimuliwa chanzo cha jina lake, na simulizi ziko mbili. Ya kwanza inasema tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope, na kadiri alivyojikwamua ndivyo alivyozidi kuzama, watu wakimtazama. Idodomya, wakasema: imezama. Ya pili inasema Wagogo waliiba ng'ombe wa majirani zetu Wahehe, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia peke yake. Wenye mali walipofika kuulizia, waliongozwa hadi kwenye tope, wakaonyeshwa mikia imechomoza. Ng'ombe wenu hawa hapa, idodomya, wamezama.

Nilikuwa natembea kutoka kazini, wiki ya tatu baada ya swali la Mama, simulizi hizo mbili ziliponijia pamoja. Nikasimama pembeni mwa barabara.

Zinaishia kwa neno moja. Anayefika kwenye tope akiwa amechelewa hawezi kutofautisha tembo aliyezama na ng'ombe aliyeliwa, kwa kuwa juu hakuna ila tope na neno. Tofauti iko kwa aliyekuwepo. Aliyemwona tembo akihangaika anajua uzito ulioko chini. Aliyeonyeshwa mkia anaombwa aamini uzito asiouona, na anayemwomba ndiye aliyemla ng'ombe.

Tangu siku hiyo kila nilipoukumbuka mwisho wa tamthilia ile nilijikuta nikiuliza: huyu ni tembo, au ni mkia?

Nilipokosea kuhusu Daenerys

Kwa miaka sita nilikuwa upande wa waliokasirika. Watu zaidi ya milioni 1 walitia saini ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane uandikwe upya, na hasira kubwa ilikuwa ya Daenerys: mkombozi wa watumwa anasikia kengele za kusalimu amri, anashinda, kisha anauchoma mji pamoja na watoto wake. Niliita hiyo hila. Nilisema darasani kwamba ni badiliko la mhusika lisilo na maandalizi, na nilishangaa tamthilia hiyo ilipopewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka huohuo.

Mama hakushangaa hata kidogo. Sehemu ya tano ilipokwisha nilimgeukia nikitarajia atakuwa na uchungu kama wangu. Aliniambia, "Alianza siku ile ya kaka yake." Ilinichukua muda kukumbuka. Msimu wa kwanza, Viserys anamwagiwa dhahabu iliyoyeyuka kichwani, na dada yake anatazama bila kupepesa. Mama alikuwa ameiweka siku hiyo, kisha akaweka nyingine juu yake: kitisho cha kuichoma miji nje ya malango ya Qarth, mabwana 163 waliosulubiwa Meereen kulipizia watoto watumwa 163, baba na mwana wa ukoo wa Tarly waliochomwa kwa kukataa kupiga magoti. Sisi tulizishangilia siku hizo kwa sababu waliochomwa walikuwa wabaya wetu. Wapo hata waliowapa mabinti zao jina la Khaleesi.

Yeye alimpata Daenerys kwa wiki sita, sisi kwa miaka minane. Miaka minane ni muda wa kutosha kumpenda mtu hata ukaacha kumtazama.

Basi huyu alikuwa tembo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliogeuza uso. Hilo limeniuma, na nimewaambia wanafunzi wangu kwamba niliwafundisha vibaya. Bado nina neno moja la kulalamika, nalo ni la mwendo. Tope lililomvuta polepole kwa misimu saba linammeza ghafla katika ya nane: Jorah, mlinzi wake, anakufa katika sehemu ya tatu, joka lake la pili na rafiki yake Missandei katika ya nne, na mji unaungua katika ya tano. Angepewa hata sehemu mbili za kukaa na misiba hiyo, tungemsikia akizama. Lakini mwendo mbaya ni kosa dogo kuliko mkia mtupu.

Mtu mwenye minyororo

Bran ni jambo jingine.

Anayempendekeza ni Tyrion Lannister, mfungwa, aliyeletwa barazani na minyororo mikononi. Anawauliza mabwana ni kitu gani huwaunganisha watu, kisha anajibu mwenyewe: si majeshi wala dhahabu wala bendera, ni hadithi. Na nani ana hadithi nzuri kuliko Bran, mvulana aliyeanguka kutoka mnarani akaishi, asiyeweza kutembea akajifunza kuruka, aliyevuka Ukuta na kuwa mlinzi wa kumbukumbu zote?

Mwalimu wa fasihi anapaswa kulipenda tamko hilo. Nililipenda, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia, kwa sababu katika tamthilia nzima hapakuwa na mwisho mwingine uliohitaji hotuba ili ukubalike. Harusi ya damu haikuhitaji wakili, na joka liliyeyusha kiti bila neno hata moja. Hapa mtu anasimama kutueleza kwamba tulichokiona ni kikubwa, na baraza linalotakiwa kusadiki ni letu kama lilivyo lao.

Nikarudi nyuma kumtafuta ng'ombe. Bran anasukumwa mnarani na Jaime, ndugu wa malkia, katika sehemu ya kwanza kabisa, mwanzo mzuri sana. Anasafiri kaskazini misimu kadhaa. Katika msimu wa tano haonekani kabisa, hata mara moja. Katika wa saba anarudi nyumbani, na dada yake Sansa anapomwambia kwamba sasa ndiye bwana wa Winterfell, anakataa: hawezi kuwa bwana wa mahali popote, kwa kuwa yeye ni kunguru mwenye macho matatu. Kisha barazani, alipoulizwa kama atakubali ufalme, anajibu kwa kuuliza wanadhani amesafiri umbali wote huo kwa nini. Mara tatu nimeitazama sura yake hapo. Kati ya kukataa kule na kukubali huku hakuna siku tuliyoonyeshwa akibadilika.

Lakini nilipoitazama mara ya tatu niligundua jambo lililonitia aibu zaidi. Nilikuwa nimekumbuka tafsiri yangu ya hotuba hiyo vizuri, kwa kuwa niliipenda, na nilipoilinganisha na maneno ya Tyrion nilikuta sentensi moja ambayo Tyrion hakuitamka. Mimi nilimwambia Mama: "Na ndiye aliyekaa chini ya mti usiku wa vita, akawa chambo, ili mfalme wa wafu amfuate." Hilo lilitokea kweli, katika sehemu ya tatu. Tyrion halitaji. Mimi ndiye niliyelichomeka bila kujijua, kama wale watafsiri wa kibandani ambao filamu ikikosa sababu waliiongeza kwa sauti zao, nasi tukaondoka tukidhani ndivyo ilivyo.

Maana yake ndama alikuwepo. Mtoto asiyeweza kukimbia alikubali kuketi mahali ambapo kifo kitapita, na tendo hilo ni zito kuliko kuruka kote kwa ndotoni. Waandishi walikuwa nalo mkononi. Hawakulikuza usiku ule wa vita, kwa kuwa akili yake waliipeleka kwenye kunguru, na hawakulikumbuka barazani. Wakaushika mkia wa kumbukumbu.

Waliopewa mwisho kabla ya njia

Nisingependa kuwaonea. Tamthilia hii ilitokana na vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka 1996 na cha tano 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza. Cha sita hakikutoka. Ilipofika misimu ya mwisho hapakuwa na kurasa za kufuata, ila mambo makuu ya mwisho ambayo Martin alikuwa amewadokeza waandaaji, na mwigizaji wa Bran, Isaac Hempstead Wright, alieleza kwamba ufalme wa Bran ulikuwa mmoja wa madokezo hayo.

Kwa hiyo walipewa mikia. Mwenye ng'ombe aliwaeleza mahali watakapozama, bila kuwapa ng'ombe wenyewe, kwa kuwa hata yeye bado anawachunga. Ninapowaza hivyo, hasira inapungua na huruma inaingia. Fanani aliyepokea hadithi kwa bibi yake hupokea na njia: wapi sungura analala, fisi anapita wapi, wimbo uimbwe mara ngapi. Ukipokea mwisho peke yake utalazimika kuzaa njia kwa haraka huku watu milioni 19.3, waliotazama Marekani usiku ule, wakikusubiri.

Upinde wa Liongo

Binti wa kaka yangu alinipinga hapa, na pingamizi lake lilinisumbua kwa siku nyingi. Alisema, "Shangazi, unadai kila kitu kionekane. Basi hutaki taharuki." Akaniwekea mwisho wa msimu wa pili wa House of the Dragon, tamthilia nyingine ya nchi ileile ya Westeros, wa Agosti 2024: baada ya sehemu 8, majeshi yanatembea, meli zinasonga, majoka yanapaa, na skrini inazima. Yeye aliupenda. Mimi nilibaki na mikono mitupu, na sikuweza kumweleza kwa nini, kwa kuwa mimi si adui wa mwisho ulioachwa wazi.

Jibu nililipata kwa Fumo Liongo. Mwanawe mwenyewe anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaukaza upinde, na anakata roho akiwa hivyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuchota maji.

Hakuna taharuki kubwa kuliko hiyo katika fasihi yetu, na mshale haukuachiwa. Lakini sisi wasikilizaji tunajua kila kilichoufikisha upinde ule kisimani. Hofu ya watu wa mji imetokana na maisha yote ya Liongo. Ule msimu wa pili umeukaza upinde mikononi mwa watu ambao tendo lao bado liko mbele, kisha ukatuambia turudi baada ya miaka. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni akisikiliza, aliuliza kama umeme umekatika.

Binti wa kaka yangu hakukubali, na tumeachana hapo. Anasema mimi nasikiliza kwa masikio ya Bibi.

Mvumi

Jicho la kwanza la Mama lilipasuliwa mwezi Agosti, likapona vizuri, na yeye akataka kurudi kwake. Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwona. Nilifika jioni, nikawakuta wajukuu saba uani wamemzunguka, sufuria ya mlenda ikiwa mafigani, na Mama juu ya kigoda akisimulia kwa Kigogo kinachochanganyika na Kiswahili. Niliketi nyuma bila kusalimia kwa sauti, na haikunichukua muda kutambua hadithi.

Westeros ilikuwa nchi ya kiti cha mapanga. Daenerys alikuwa mama wa majoka, na Mama aliitaja siku ya kaka yake mapema kabisa, akaitaja tena katikati, kwa sauti ya chini. Ned alikuwepo, pamoja na chui. Ndoa iliyotapikwa ilikuwepo. Alikuwepo pia mtoto aliyeanguka mnarani, na usiku wa vita aliketi chini ya mti, akijua kwamba hawezi kukimbia, akawasubiri wafu wamfuate ili nduguze wapone. Mama alikaa hapo muda mrefu. Aliwaeleza jinsi baridi ilivyokuwa na jinsi majani ya mti yalivyonyamaza. Watoto hawakupumua.

Kisha mji ukaungua, mama wa majoka akauawa, joka likakichoma kiti na kumbeba mama yake kuvuka bahari. Mama akanyamaza.

Nilisubiri baraza. Nilisubiri mfungwa na minyororo yake. Mdogo mmoja wa mwisho, mwenye miaka kama sita, ndiye aliyeuliza: "Bibi, halafu nani akawa mfalme?"

Mama alimgeukia kwa jicho lake jipya.

"Kiti si kimeungua, mjukuu wangu? Angekaa wapi?"

Mtoto akafikiri. Mama akasema hadithi yake imeishia hapo, akashika magoti, akainuka kwenda kuepua mlenda.